Nyekundu Juu, Buluu Juu

Vaubrègue, Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023

Mheshimiwa Thibaut Lacassaigne, Mbunge wetu;
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya;
Mheshimiwa Solange Fabrègues, Meya wetu;
Baba Paroko, Ndugu wa Zimamoto, Ndugu wapiga matarumbeta, wageni waalikwa na majirani zangu wote, na wewe Fernand, uliyejificha nyuma ya lile tarumbeta kubwa ukidhani sikuoni:

Nawasalimu.

Bwana wa itifaki ameniambia nianze na Mbunge, nisimruke Mkuu wa Wilaya, na nisiseme sana. Mawili ya kwanza nimeyatimiza. La tatu mtanisamehe. Hotuba nne zimetangulia hii yangu, na zote nimezisikiliza kwa miguu ya mwanamke aliyezaliwa kabla vita havijaisha. Kama miguu yangu imewavumilia ninyi, basi masikio yenu yanivumilie na mimi.

Mimi si mtu wa kuhutubia. Nilisoma hadi cheti cha shule ya msingi, nikajifunza ushonaji, nikaolewa na Anselme Roucayrol, na tangu siku ile kazi ya kusema ikawa yake. Alikuwa Meya wenu, akawa Mbunge wenu, na kwa miaka mingi akawa vyote viwili kwa pamoja, kama ilivyokuwa desturi ya nchi hii kabla sheria haijakataza. Leo mmeniita nikate utepe ili mzunguko huu wa barabara uitwe kwa jina lake. Mkasi ninao. Lakini kabla sijakata, nina neno, kwa sababu katika hotuba hizi nne nimemtafuta mume wangu na sikumwona.

Mmesema alikuwa mwamba. Mmesema alikuwa mtu wa msimamo usioyumba. Mheshimiwa Thibaut, wewe umesema aliishi na kufa akiwa mwaminifu kwa chama, na kwamba utafuata nyayo zake, hatua kwa hatua. Watu wamepiga makofi. Mimi nimejiuliza: huyu ni nani? Nimelala upande wa kulia wa kitanda cha mtu kwa zaidi ya nusu karne na sijawahi kukutana naye. Mwamba gani unaosahau miwani yake ndani ya kikapu cha mikate, kisha unailaumu Serikali? Mwamba gani unaofuta viatu kwa nyuma ya suruali, suruali ambayo mkewe ameipiga pasi muda huo huo, na Askofu yuko mlangoni?

Halafu mzunguko! Jamani, kati ya vitu vyote vya dunia hii! Mlikuwa na maktaba, mlikuwa na uwanja wa michezo, mlikuwa hata na kile choo kipya cha stendi. Anselme alichukia mizunguko ya barabara kuliko alivyochukia ukomunisti, na Fernand ni shahidi wangu. Alikuwa akiniambia, "Josette, mzunguko ni nini? Ni barabara isiyojua iendako." Kila Baraza la Mkoa lilipoleta mpango wa kuweka mmoja hapa, kwenye Njiapanda ya Msalaba wa Jiwe, aliukataa. Alisema njiapanda imetutosha tangu enzi za wafalme, na dereva anayeshindwa kusimama na kuangalia kulia na kushoto anyang'anywe gari, asijengewe bustani ya kuizunguka. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mhafidhina hadi kwenye supu: ya vitunguu, kwenye bakuli lile lile, kabla ya taarifa ya habari. Kinyozi alikuwa mmoja, koti la baridi lilikuwa moja, chama kilikuwa kimoja. Na mimi pia nilikuwa mmoja, nashukuru kwa hilo.

Sasa nataka kuwaambia habari ya kitu kimoja tu. Nimekileta hapa ndani ya mkoba wangu, na Mheshimiwa Meya amekuwa akikitazama tangu asubuhi kwa sababu aliniomba nikitoe kiwekwe kwenye kabati la vioo pale ofisini kwake. Ni skafu yake ya rangi tatu za bendera: buluu, nyeupe na nyekundu.

Ninyi mnaijua, mmeiona kifuani mwake kwenye kila harusi na kila mazishi. Lakini mvaaji ni mvaaji, na anayemfunga ni mwingine. Aliyemfunga ni mimi. Na fundi wa nguo nisingeacha kujua kwamba skafu hii ina pande mbili za kuvaliwa. Meya huivaa buluu ikiwa juu, karibu na shingo. Mbunge huivaa nyekundu ikiwa juu. Kitambaa ni kile kile, ni kukigeuza tu. Kwa hiyo kila asubuhi ya sherehe, Anselme akiwa amenyoosha kidevu kama mtoto anayefungwa vifungo, mimi nilimwuliza, "Leo buluu au nyekundu?" Naye alijibu. Nami nilimfunga. Kumbe tulikuwa tukiulizana jambo kubwa bila kujua.

Fernand alijua. Kila Jumamosi sokoni, kabla hata hajamkatia mteja kipande cha jibini, alipaza sauti soko zima lisikie: "Roucayrol! Leo umekuja wewe, au umekuja yule wa Paris?"

Na Anselme alijibu, "Yule wa Paris nimemwacha kwenye treni, analinda begi!"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa mchezo wao wa kila juma, mkomunisti na mhafidhina, na baada ya hapo walikunywa kahawa pamoja na kutukanana kuhusu bei ya maziwa.

Kisha ikaja ile sheria ya hospitali. Mnaikumbuka? Chama chake ndicho kilichoipeleka Bungeni. Ilisema wodi za wazazi zenye wazazi wachache zifungwe, akina mama wapelekwe kwenye hospitali kubwa. Alinipigia simu kutoka Paris jioni ya kura. Nikamwuliza, "Na wodi yetu, Anselme?" Wodi yetu ilikuwa nyuma ya kanisa. Binti yetu Bénédicte alizaliwa pale, na karibu nusu yenu mlioko hapa mlizaliwa pale. Akaniambia, "Yetu haitaguswa, nimeahidiwa." Nikauliza, "Na wewe umepiga kura gani?" Akasema, "Josette, chama ni chama."

Wodi ikafungwa kabla mwaka haujaisha.

Na mume wangu alifanya nini? Aliniambia, "Leo buluu." Nikamfunga buluu juu, akatoka, akashika bango, akaongoza maandamano ya kupinga kufungwa kwa wodi! Mlikuwapo. Mlimbeba mabegani. Alipaza sauti mpaka ikakauka. Aliporudi nilimwekea supu, nikamwuliza, "Anselme, leo mmeandamana dhidi ya nani?"

"Dhidi ya Paris."

"Na Paris ni nani?"

Akala supu. Aliila mpaka akaanza kukwangua ua lililochorwa chini ya bakuli. Waheshimiwa, hamjui uchovu kama hamjawahi kumngojea mwanasiasa amalize supu ili ajibu swali.

Nisiwaudhi wageni wetu kutoka Paris. Najua desturi hii si ya Anselme peke yake. Nchi hii imejaa wabunge wanaofunga mlango kwa mkono mmoja siku ya Jumanne, na siku ya Jumamosi wanaugonga kwa mkono wa pili wakilia kwamba umefungwa. Wala si kwamba wanasema uongo. Anselme hakuwa mwongo. Aliamini nyekundu ikiwa juu, na aliamini buluu ikiwa juu. Hilo ndilo lililonichosha. Mwongo ungemkamata, lakini mtu mwaminifu mara mbili utamshika wapi?

Sasa nije kwenye tarehe kumi na moja Novemba 2015. Katika hotuba nne, hakuna aliyeitaja, na wote mnajua ni hapa, hapa hapa tuliposimama, kabla ya lami hii na maua haya.

Asubuhi ile nilikuwa kwa Bénédicte, uchungu umemwanza mapema. Kwa hiyo Anselme alikwenda kwenye mnara wa mashujaa bila mimi kumfunga. Aliyemfunga ni kijana wake wa ofisini, naye ni wewe, Thibaut. Ulimfunga nyekundu juu. Alikwambia kwamba mbele ya mnara wa kwao amezoea buluu, nawe ukamwambia, "Mheshimiwa, wewe ni Mbunge, watu waone." Fernand alimwona akipanda ngazi na shada la maua, na ingawa ilikuwa siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani alishindwa kujizuia: "Leo kweli amekuja yule wa Paris!"

Ndugu wa Zimamoto walikuwa wamepanga mstari pale mnarani, na sare zao za sherehe, na glavu nyeupe. Simu yangu ikawatoa kwenye mstari, maana hapa kwetu wao ndio wenye gari la wagonjwa. Walikuja nyumbani kama walivyo, wamevaa kama wanakwenda harusini. Wodi nyuma ya kanisa ilikuwa giza, milango ina mnyororo. Tukaipita. Nilimwona Bénédicte akigeuza kichwa kuitazama. Tulikuwa tunakwenda hospitali ya Peyrolade, ng'ambo ya mlima, na mvua ya barafu ilikuwa imeanza. Tulifika hapa, penye msalaba, Régis Bessière akagonga kioo cha dereva akasema, "Simamisha. Huyu hatufiki naye."

Régis, simama watu wakuone. Usiinamishe kichwa.

Régis si mkunga. Ni fundi wa mabomba, na zimamoto wa kujitolea. Alivua glavu zake nyeupe kwa meno. Blanketi la gari lilikuwa limekwisha kulowa. Mtoto alitoka kimya, ana rangi ya jiwe la msalaba ule. Wakati huo huo mlango wa nyuma ukafunguliwa, Anselme akiwa ametufuata kwa gari lake, amesimama kwenye barafu na nguo zake za sherehe. Régis hakuinua hata macho. Alinyoosha mkono nyuma akasema, "We mzee, lete hicho kitambaa!"

"Kitambaa gani?"

"Hicho ulichovaa! Haraka, mtoto anapoa!"

Akaivua. Mbunge wa Jamhuri alivua skafu ya Jamhuri akampa fundi wa mabomba, na Régis akamfunga mjukuu wetu ndani yake, akamsugua mgongo, akamsugua, akamsugua, akimwita kwa majina ambayo Baba Paroko asingeruhusu nimwite nayo mtoto. Kisha akalia, Apolline wetu.

Bénédicte alimtazama baba yake. Hakumfokea. Laiti angemfokea! Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Baba, wodi ilikuwa nyuma ya kanisa."

Na safari hii hapakuwa na supu.

Thibaut, wewe ulipiga simu mchana ule. Nilikuwa karibu, nilisikia. Ulisema, "Mheshimiwa, hii ni habari nzuri kabisa! Tuandike: Mbunge ashuhudia muujiza. Tupate picha na skafu." Akakwambia, "Thibaut, mwanangu, muujiza ni kwamba hakufa. Weka simu chini." Sikulaumu, ulikuwa kijana na ulikuwa ukifanya kazi yako. Lakini ndani ya hotuba yako ya leo nilikuwa naingoja siku ile, na umeiruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Niliichukua skafu nikaifue. Mimi ni fundi wa nguo, najua kutoa damu kwenye hariri: maji baridi, chumvi, na subira. Akanishika mkono.

"Iache."

"Ni damu, Anselme."

"Naona. Iache."

Jumamosi iliyofuata alikwenda sokoni. Nilikuwa naye, nimebeba kikapu. Nilimwona Fernand akinyanyuka, akafungua mdomo, na soko zima likageuka likingoja. Fernand akaufunga. Akachukua jibini nzima, ile ya mbuzi inayopakwa majivu, akaitia kwenye kikapu changu, akarudi kukaa. Nasema hivi Fernand akisikia, ili ajue kwamba nilielewa.

Baada ya hapo, Waheshimiwa, ndipo anaanza yule mtu ambaye hamkumtaja. Bajeti ya hospitali iliporudi Bungeni, ikitaka kuifunga na wodi ya Peyrolade, Anselme alipiga kura ya hapana. Alipiga dhidi ya chama chake mwenyewe. Walimhamishia kiti karibu na mlango, kwenye upepo. Simu za Mwaka Mpya hazikulia tena nyumbani kwetu. Nilidhani laini imekatika. Na sheria ilipomtaka achague, Bunge au Umeya, magazeti yakasema mzee amechoka. Hakuchoka. Aliniita jikoni akanyoosha kidevu. Nikamwuliza, "Buluu au nyekundu?" Akasema, "Buluu, Josette. Buluu mpaka mwisho." Aliivaa hivyo, na doa lake, kwenye kila harusi. Mabibi harusi walinong'ona kwamba mama Josette siku hizi hafui. Nikameza na hilo.

Wodi ya Peyrolade bado iko wazi. Iko wazi kwa sababu mzee mmoja alipanda mlima ule, mkutano baada ya mkutano, akiwa na sandwichi yangu mfukoni, akiwachosha wakubwa mpaka wakaona ni nafuu kuiacha. Alikuwa anajua kuchosha. Nina ushahidi wa maisha yangu yote.

Alifariki Machi mwaka huu. Kofia yake bado iko kwenye ndoano. Pea zimeiva tena bustanini, na mimi sijui kuzimenya kama yeye, ganda moja refu lisilokatika, ambalo alilining'iniza ukingoni mwa sahani na kunitazama asifiwe. Sasa nazila na maganda.

Basi nirudi kwako, Mheshimiwa Thibaut. Jumanne hii bajeti inarudi tena Bungeni, na Peyrolade imo tena. Kabla ya sherehe hii nilikuuliza pale kwenye meza ya mvinyo, utapiga kura gani? Ulinishika mkono kwa mikono yako miwili, ukasema, "Mama Josette, moyo wangu uko hapa, wewe unajua. Lakini chama ni chama."

Nusura niangushe glasi. Ni maneno yale yale! Hata pumzi kati ya maneno ni ile ile! Unasema utafuata nyayo za Anselme. Zipi, mwanangu? Ana nyayo za kwenda na ana nyayo za kurudi, na wewe unataka zile alizozijutia?

Yule pale aliyeegemea gari la mikate ni Maëlle, mwoka mikate wetu. Atajifungua Januari. Januari hapa kuna barafu, Mheshimiwa. Régis anazeeka. Nimemtazama Maëlle wakati wa hotuba zote nne. Kila mliposema "urithi wa Roucayrol", alishika tumbo lake. Niambieni, urithi wa Roucayrol ni jiwe hili lenye jina, au ni mlango mmoja ng'ambo ya mlima ambao bado unafunguka?

Mheshimiwa Meya, uniwie radhi. Skafu haiendi kwenye kabati lako. Kabati la vioo ni mahali pa vitu vilivyokwisha. Thibaut, njoo. Njoo, usiogope, bwana wa itifaki hatakuuma. Shika. Sikuifua. Jumanne uende nayo Paris. Uivae buluu juu au uivae nyekundu juu, ni hiari yako. Tazama tu, doa liko kwenye nyeupe, na nyeupe iko katikati. Utakavyoigeuza, litaonekana.

Sasa nakata utepe, maana mvinyo unapata baridi na matarumbeta yanapata kutu. Nimefikiri sana kuhusu mzunguko huu. Usiku nilimkasirikia Meya, asubuhi nikaja mapema peke yangu nikautazama. Magari yalikuja, yakazunguka, yakaenda. Kisha likaja gari moja lililokuwa limepotea njia. Likauzunguka wote, likarudi lilikotoka, na hakuna aliyelipigia honi. Nikasema moyoni: Anselme, ulikosea na hapa. Hii ndiyo barabara pekee mkoani kwetu inayomruhusu mtu kugeuka bila aibu. Basi na iitwe kwa jina lako.

Nawashukuru kwa kusimama na bibi kizee kwenye upepo huu na kumsikiliza mpaka mwisho. Sina ombi kubwa. Mkipita hapa, mkizunguka, mkumbukeni Anselme kama mtu aliyegeuka. Na kama mtapata nafasi kabla hamjafika njia ya pili ya kutokea, mnikumbuke na mimi, niliyemfunga.